Furu wa maji ya kati wanajigonga kwenye kioo

SWALI: Nilinunua furu (samaki wadogo wa Ziwa Victoria) wanane wenye vichwa vyekundu kwa wavuvi wa dagaa Igombe, nikawaweka kwenye tangi jipya la lita 120 lenye maji ya bomba. Watatu walikufa siku ya pili. Waliobaki wanajigonga kwenye kioo na punje za chakula hawazigusi. Je, kosa ni maji? (Msomaji, Ilemela)

JIBU: Maji yamechangia, ila kilichowaumiza kwanza ni wavu. Kwa maelezo yako huenda ni Haplochromis pyrrhocephalus, furu aliyekaribia kutoweka Ghuba ya Mwanza sangara walipojaa miaka ya 1980, akaanza kurudi miaka ya 1990. Mchana hukaa karibu na tope, usiku hupanda juu kufuata vidudu, ndipo anapokutana na taa na nyavu za dagaa. Wavu humvua magamba na ute, maji yanapenya mwilini, naye hufa baada ya siku moja au mbili. Safari nyingine mwambie mvuvi amchote kwa ndoo, asimshike kwa mkono. Nyumbani tia chumvi gramu 2 kwa kila lita, zima taa kubwa ya tangi siku mbili, na pampu ya hewa isizimwe. Umeme wetu mnaujua: weka pampu ya betri.

Tangi la lita 120 ni fupi mno. Samaki huyu hana jiwe la kujificha; akishtuka hukimbia mbele tu. Tafuta la sentimita 150 kwa 50 kwa 50, funika pande tatu kwa karatasi nyeusi, acha katikati wazi kabisa. Usiku wacha taa ndogo hafifu, maana giza la ghafla huwatia kiwewe.

Maji ya bomba yaache siku nzima yakipigwa hewa ili klorini, dawa ya kuua vijidudu, itoke. Tangi jipya halina bakteria wa kula amonia (sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki), na maji yakiwa na pH ya 8, yaani yenye ualkali kidogo, amonia huwa sumu kali zaidi. Omba sifongo la chujio kwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, kisha badilisha theluthi ya maji kila siku kwa wiki mbili. Joto nyuzi 24 hadi 26.

Punje zinazozama hawazitambui. Wape artemia (vijikamba vya maji ya chumvi) wachanga au viluwiluwi vidogo vya mbu, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Wakizoea, changanya na chakula kilichosagwa laini kinachoelea katikati ya maji.

Usiwachanganye na furu wa aina nyingine: watazaana, na mbegu hiyo adimu itapotea.