Mkuu usiguse hizo dawa za presha, miti haichukui nafasi ya dozi

Hapana mkuu, hapana kabisa. Nimefika pale unaposema unataka kuacha vidonge vya presha uwe unatembea msituni kila asubuhi, mengine uliyouliza, viatu gani uvae na kama ubebe simu, nimeyapitia juu juu tu nije kuandika hapa haraka.

Hiyo njia nimepita. Kuna jamaa anajiita kocha wa afya, mdomo asali, akatuaminisha kwamba miti inashusha presha na vidonge ni biashara ya watu. Nikakata dozi ghafla nikahamia porini. Na kweli nilijisikia vizuri aisee, usingizi mzito, hasira zimepungua, na hapo ndipo nilipoliwa, maana presha haipigi hodi, unaweza kuwa na 190 huku unapiga mluzi. Mashine ya kupimia nikaitupa kabatini, ya nini sasa na mimi nimepona? Nikaja kuokotwa chini ya mti niliokuwa nauegemea nivute "pumzi za uponyaji", na wenzangu walichelewa kunishtua wakidhani natafakari. Hospitali ndio naambiwa vidonge vyangu ni atenolol, ukivikata ghafla presha inaweza kuruka juu na hata mshtuko wa moyo ukakupata. Kumpigia yule kocha, eti sikuamini vya kutosha. Niamini nini, mwarobaini?

Sisemi miti ni uongo. Kuna utafiti wa 2019 kule Uingereza, watu karibu 20,000, waliokuwa wanapata walau dakika 120 kwa wiki kwenye bustani za umma, misitu, fukwe na kadhalika wengi wao walisema wana afya nzuri kuliko wasioenda kabisa, iwe kwa mkupuo au kidogo kidogo. Ila hao waliulizwa wanajisikiaje, hakuna aliyeambiwa aache dawa. Hata ule wa mtafiti Ulrich wa 1984 ambao makocha wanaupenda sana, wagonjwa waliolazwa penye dirisha la kuona miti walitoka mapema na wakahitaji dawa kali za maumivu chache zaidi, lakini jamani, walikuwa hospitali, wamepasuliwa kibofu cha nyongo na wanapewa dawa! Mti ulikuwa dirishani, haukushika kisu.

Meza dozi, ndio uende msituni. Presha ikishuka kweli, wa kupunguza kidonge ni daktari wako akiwa ameona vipimo. Hayo ya viatu na simu watakujibu wengine. Au umeshaacha tayari? Kama umeacha usikae hapa kusubiri majibu, nenda kapime leo.