Kaunda alikuwa wa wapi?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: kiongozi wa kihistoria tumhesabu wa taifa lipi? La alikozaliwa, la asili ya wazazi wake, au la utamaduni aliokulia? Mimi ni mkazi wa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, na nikisoma swali hilo ninayemfikiria ni mmoja tu: Mzee Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia. Vipimo vyote vitatu vilimpitia, na hakuna hata kimoja kilichomtosha.

Alizaliwa Aprili 28, 1924, kwenye misheni ya Lubwa, Chinsali, katikati ya Wabemba. Baba yake, David, alikuwa Mtonga wa kando ya Ziwa Nyasa, aliyekuja na wamisheni wa Kiskoti kuhubiri na kufungua shule. Mama yake, Helen, naye alitoka Nyasaland, Malawi ya leo, na alikuwa mwalimu. Mtoto akapewa jina la Buchizya, yaani asiyetarajiwa, jina la lugha ya kwao wazazi, kisha akakua akicheza na watoto wa Kibemba na kuzungumza lugha yao. Ukimpima kwa utamaduni, utampa kwao kuwili kabla hajaanza shule.

Wanaoshikilia asili hutuambia mkataa kwao ni mtumwa. Sawa, lakini kwao ni wapi? David Kaunda alipohamia Chinsali hapakuwa na Zambia wala Malawi. Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, ilitoka mikononi mwa kampuni ya Cecil Rhodes na kuingia chini ya serikali ya Uingereza Aprili 1, 1924, wiki chache tu kabla mtoto huyo hajazaliwa. Kuanzia 1953 hadi 1963 Waingereza wakaiunganisha na Nyasaland na Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, kuwa shirikisho moja. Kwa miaka kumi, alikotoka baba na alikozaliwa mwana palikuwa chini ya shirikisho hilo hilo. Kaunda alilipinga, akafungwa jela mwaka 1959, na Oktoba 24, 1964 akawa rais wa kwanza wa Zambia.

Sasa angalieni kilichofuata. Mwaka 1991 wananchi walimkataa kwa kura. Mpinzani wake, Frederick Chiluba, alipata kama robo tatu ya kura zote. Walikuwa na haki kabisa. Kaunda alikuwa ameongoza miaka 27, mingi kati ya hiyo chini ya chama kimoja, na maisha yalikuwa magumu. Aliposhindwa akaondoka madarakani. Lakini alipotaka kurudi ulingoni, katiba ikarekebishwa mwaka 1996: mgombea urais lazima wazazi wake wote wawili wawe Wazambia kwa kuzaliwa au kwa nasaba. Mzazi aliyezaliwa enzi za ukoloni angekuwaje Mzambia kwa kuzaliwa, nchi yenyewe ikiwa haijazaliwa? Kisha Machi 1999 Mahakama Kuu huko Ndola ikatamka kwamba Kaunda si raia. Mtu aliyepokea bendera siku ya uhuru akabaki bila nchi, akiwa na umri wa karibu miaka 75, hadi Mahakama ya Juu ilipomrudishia uraia mwaka uliofuata.

Wadogo waliumia zaidi. Mwaka 1994 William Banda na John Chinula, wanasiasa wa chama chake cha UNIP, walisafirishwa kwa nguvu hadi Malawi kwa hoja hiyo hiyo ya asili. Mahakama za Malawi nazo zikasema hawa si raia wetu. Hili linanikera kuliko kesi ya Kaunda mwenyewe, kwa sababu yeye alikuwa na jina la kumtetea.

Na kuzaliwa? Chiluba naye alishtakiwa na wapinzani wake kwamba ni mzaliwa wa Kongo. Guy Scott alizaliwa mji wa Livingstone, akawa makamu wa rais, akakaimu urais Rais Michael Sata alipofariki Oktoba 2014. Ila kugombea hakuruhusiwa, wazazi wake walitoka Uingereza. Mnaona jinsi kipimo kinavyochaguliwa baada ya mtu wa kuzuiwa kujulikana?

Huku mpakani Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde, upande wa Zambia. Msiba ukitokea ng'ambo, akina shangazi wa huku wanafunga khanga, wanabeba sufuria na unga, wanavuka kwenda kupika. Hakuna anayeulizwa bibi yake alizaliwa upande gani wa barabara. Nchi haiwezi kuendeshwa hivyo, najua. Inahitaji sheria na karatasi. Ila kwa kiongozi, mimi naangalia aliiweka roho yake wapi, na watu wa huko walimpokea kama wao au la. Kaunda aliifanya Zambia kimbilio la wapigania uhuru wa Rhodesia, Namibia na Afrika Kusini, ikalipa kwa mabomu na kufungiwa njia za kusini. Reli ya TAZARA inayopita hapa kwetu, kilomita 1,860, ilijengwa ili nchi hiyo ipumue. Wabemba, Watonga wa kusini mwa Zambia na Walozi walimfuata katika hayo yote. Huyo ni Mzambia, hata kama baba yake angetoka mwezini.

Mtaniuliza habari za John Okello, mtu wa kabila la Lango kutoka Uganda aliyeongoza mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964, na wiki chache baadaye akazuiwa kurudi visiwani. Huyo namhesabu Mganda. Yumo katika historia ya Zanzibar na hakuna wa kumfuta, lakini Wazanzibari hawakupata kuishi naye kama mwenzao, na waliompokea kama kamanda ndio waliomfungia mlango.

Zambia iliondoa lile sharti la wazazi katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2016. Kwa Scott yalichelewa kwa mwaka mmoja hivi. Kwa Kaunda, aliyekuwa na miaka 91, kwa miaka ishirini.

Msomaji wenu, Tunduma