Shukrani ziwekwe wapi?

SWALI: Tunaweka kwenye kompyuta kumbukumbu za wachapaji na wauza vitabu wa zamani. Wengi wametuletea taarifa. Tuwashukuru vipi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Msiishie kwenye ukurasa mmoja wa “asanteni nyote”. Kila rekodi iwe na jina la aliyeleta taarifa, tarehe, na alikoitoa: risiti, tangazo la gazetini, au muhuri wa duka ndani ya jalada. Hifadhidata ikihamishwa, ukurasa wa pembeni husahaulika kwa urahisi. Jina lililo ndani ya rekodi husafiri nayo. Na kuhama kupo: faharasa ya biashara ya vitabu ya England na Wales hadi 1851, aliyoianzisha Peter Isaac kule Newcastle mwaka 1983, ilikwenda Birmingham, kisha Oxford.

Balaa kubwa liko kwenye kuunganisha rekodi. Wawili wameleta muuzaji yuleyule, mmoja kaandika “Jivanji”, mwingine “Jeevanjee”. Mkifuta moja, mmemfuta na aliyeileta. Bakizeni majina ya wote wawili walioleta taarifa. Aliyesahihisha hata mwaka mmoja tu ulioandikwa vibaya naye atajwe, maana kosa hilo lingenakiliwa kila mahali. Mwulizeni kwanza kila mmoja jina lake liandikweje. Wapo wasiopenda kutajwa.