Anza na Urithi, Nembo Itafuata

Niliwahi kuwa katika kamati ndogo iliyopewa kazi ya kuandaa chapa ya eneo moja, yaani sura na simulizi ya kulitangaza, na kosa letu la kwanza lilikuwa kuanza na rangi. Tulibishana wiki kadhaa kuhusu buluu na kijani, kisha tukaibuka na kaulimbiu ambayo, ukibadilisha jina la mahali, ingeweza kubandikwa popote duniani. Wakazi walipooneshwa hawakuipinga; waliipuuza tu, na kwa mtu wa kazi hii afadhali kupingwa.

Tangu hapo huwashauri wanaoniuliza waanze na urithi, nami kwa urithi simaanishi magofu na majumba ya kale pekee, bali pia kazi zilizowalisha watu wa pale, lahaja yao, na hata kumbukumbu ambazo viongozi wangependa zifunikwe. Mfano ninaourejea mara kwa mara ni eneo la Ruhr nchini Ujerumani. Mgodi wa makaa ya mawe wa Zollverein, mjini Essen, ulipofungwa mwaka 1986, ingekuwa rahisi kuubomoa na kujitangaza upya kana kwamba masizi hayakuwahi kuwapo. Majengo yakahifadhiwa, yakaingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mwaka 2010 Essen ikawa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya kwa niaba ya Ruhr nzima. Mnara wa Shimo la 12, uliosimamishwa kwa ajili ya kupandisha makaa, leo ndio sura ya eneo hilo.

Urithi unaouma unahitaji ujasiri zaidi. Liverpool ilitajirika kwa biashara iliyohusisha pia usafirishaji wa watumwa, na mwaka 2007 ilifungua jumba la makumbusho la kimataifa la utumwa palepale kwenye gati zake za kale. Naona uamuzi huo uliipa simulizi ya mji uzito ambao tangazo la kulipia lisingeupata. Hata hivyo, mji huohuo uliondolewa katika orodha ya UNESCO mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi mpya kando ya maji, baada ya kudumu humo tangu 2004. Kwa hiyo, kabla ya kuuza historia ya mahali, kaa na wanaotoa vibali vya ujenzi, maana wao wanaweza kuifuta bidhaa yako huku wewe ukichapisha vipeperushi.

Kamati yetu ilipopewa nafasi ya pili, tuliacha rangi hadi mwisho, tukaanza kwa kuwauliza wakazi humpeleka wapi kwanza mgeni wanayempenda. Hawakutaja hata sehemu moja iliyokuwamo katika rasimu yetu ya awali.