Kabla ya kuidai kompaila kasi, ijue prosesa iliyo dhaifu kuliko zote

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika, hapa Lubumbashi, programu ya lugha ya C inayosafisha picha za karatasi kuukuu: vitabu vya ubatizo, daftari za shule, hati za viwanja zilizoliwa na unyevu. Ukurasa mmoja wa A4 ukipigwa skana kwa nukta 300 kwa inchi hutoa nukta 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu, yaani takriban milioni 8.7, na programu hulazimika kuipitia kila nukta ili iamue kama ni wino au ni doa. Anayetaka kumaliza kitabu kizima kabla umeme haujakatika hana budi kujali msimbo wa mashine unaotoka kwenye kompaila yake, yaani programu inayogeuza alichoandika kuwa amri za prosesa.

Nilianza kwa kukosea. Programu niliijenga kwenye kompyuta yangu ya mkononi kwa kompaila ya GCC, nikaipa chaguo la `-march=native`, ambalo huiruhusu kompaila kutumia kila amri ambayo prosesa ya mashine hiyo inaifahamu. Prosesa yangu ilikuwa na AVX2, seti ya amri ambayo Intel iliileta na kizazi cha Haswell mwaka 2013 na ambayo hushughulikia baiti 32 kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo ukurasa uliokuwa na mizunguko milioni 8.7 ukabaki na mizunguko 271,870. Nikaiweka programu kwenye flashi, nikampelekea mteja Kampemba, na kabla sijafika Kamalondo simu ikalia: “Yaya, programu yako inaandika mstari mmoja tu, kisha inakufa.” Kompyuta yake ya mtumba ilikuwa Core 2 Duo, na mstari ule ulikuwa ukilalamika kwamba imeletewa amri isiyoijua.

Tangu siku hiyo hutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Kwenye prosesa za familia ya x86, zile za Intel na AMD, `-march` huipa kompaila ruhusa ya kutumia amri fulani, na asiyekuwa na amri hizo programu itamfia mkononi. Chaguo la `-mtune` hubadilisha tu mpangilio na uteuzi wa amri ili zimpendeze prosesa fulani, na programu huendelea kufanya kazi kwa wengine wote. Kwenye ARM ya biti 64, familia nyingine ya prosesa, chaguo la `-mcpu` huyabeba yote mawili kwa pamoja. Tena usiutegemee mwaka wa kompyuta, hasa katika mji kama wetu ambako mashine nyingi zimeshapitia mikono miwili au mitatu, kwa sababu hata Pentium na Celeron za kizazi kilekile cha Haswell ziliuzwa bila AVX2. Kwenye Linux andika amri ya `lscpu`, usome orodha ya uwezo wa prosesa, ndipo uamue.

Mimi hujenga kwa kiwango cha chini kabisa cha x86-64, yaani x86 ya biti 64, na sioni kwamba ninapoteza mengi, kwa kuwa kila prosesa ya aina hiyo lazima iwe na SSE2, seti ya amri ya zamani zaidi ambayo hubeba baiti 16 kwa mara moja. Kitendaji kimoja tu, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, kile kinachokula muda mwingi, ndicho ninachokipa sifa ya `target_clones`: GCC hukitolea nakala mbili, ya kawaida na ya AVX2, na programu inapoanza kupakiwa kwenye Linux huchagua nakala inayoifaa prosesa iliyopo. Faili huongezeka ukubwa kidogo tu, na mteja wa Kampemba halazimiki kujua lolote.

Lakini amri za vekta, hizi zinazobeba baiti nyingi kwa mkupuo, hazitakufaa kitu kama kompaila haiwezi kukielewa kitanzi chako, yaani sehemu ya programu inayojirudia kwa kila nukta. Ukiipa kompaila vielekezi viwili, yaani anwani za kumbukumbu, kimoja cha picha inayosomwa na kingine cha picha inayoandikwa, haina namna ya kujua kwamba havigusani kwenye kumbukumbu, kwa hiyo ama itaongeza ukaguzi kabla ya kitanzi ama itaacha kabisa kukigeuza kiwe cha vekta. Neno `restrict` huiondolea shaka hiyo. Pitia picha mstari kwa mstari kama ilivyopangwa kwenye kumbukumbu, kwa maana ukishuka safu kwa safu kila hatua itadai kipande kipya cha kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, na hakuna amri ya ajabu itakayokuokoa. Kumbuka pia kwamba kabla ya GCC 12 ya mwaka 2022, kiwango cha uboreshaji cha `-O2` haikuwa ikigeuza vitanzi kuwa vya vekta. Ilikupasa uandike `-O3`.

Nililojifunza kwa aibu zaidi lilinipata nilipohamia Raspberry Pi 3, kimashine ambacho nilikipenda kwa sababu hufanya kazi kwa betri ndogo umeme unapokatika. Prosesa yake ni Cortex-A53 ya ARM, ambayo hutekeleza amri kwa foleni jinsi zilivyoandikwa, kwa hiyo mpangilio wa kompaila una uzito mkubwa kwake, na nilikuwa nimeandika `-mcpu=cortex-a53` kwa makini. Programu ilikwenda kwa kasi iliyonishangaza. Nikajisifu mpaka jioni, ndipo nikafungua ukurasa mmoja wa kitabu cha ubatizo nikaukuta mweupe pe: hakuna jina la mtoto, hakuna jina la padri, hakuna hata mistari ya jedwali.

Kisa ni kwamba nilikuwa nikitoa mwanga wa karatasi kwenye mwanga wa kila nukta, nikigawa tofauti kwa mbili, kisha nikiihifadhi katika `char`, aina ya namba ya baiti moja. Ikiwa chini ya sifuri, nukta hiyo ni wino. Kwenye x86 `char` huwa na alama ya kutoa, lakini kwenye Linux ya ARM haina, na thamani isiyo na alama hiyo haiwezi kamwe kuwa chini ya sifuri. Kompaila ililiona hilo kabla yangu, ikaufuta ukaguzi wa wino wote kama kazi ya bure, na ile kasi niliyokuwa nikijisifia ilikuwa kasi ya kutofanya chochote. Nilibadilisha neno moja, `char` likawa `int8_t`, aina ya baiti moja ambayo daima ina alama hiyo, majina yakarudi.

Kwa hiyo sipimi tena muda kabla ya kulinganisha matokeo, baiti kwa baiti, kati ya mashine mbili. Namba za desimali peke yake ndizo ninazoziachia nafasi, maana GCC kwenye ARM ya biti 64 huunganisha kuzidisha na kujumlisha katika amri moja inayokadiria mara moja tu, na tarakimu za mwisho za pembe ya ukurasa ulioinama huweza kutofautiana. Anayetaka zifanane aweke `-ffp-contract=off`.

Ile Core 2 Duo niliinunua mwaka uliofuata, mteja alipotaka kuitupa. Betri yake imekufa na feni yake inanguruma kama kinu cha mahindi, ila kila toleo jipya hupita kwanza hapo, na umeme ukikatika katikati ya jaribio ninaanza upya.