Nilitaja kumi na tano, akanunua kwa ishirini na mbili

Mwaka wangu wa kwanza Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nilijiona mjanja. Madira nilikuwa nachukua jumla kwa 12,000, wenzangu wanaanzia 28,000. Mimi nikasema nitauza 15,000 moja kwa moja, sitaki kuchoshana na mtu. Akaja mama mmoja, akalikunjua dira la maua ya njano, akavuta mshono wa begani.

"Shilingi ngapi?"

"Kumi na tano tu, mama."

Akaniangalia. "Mbona rahisi hivyo? Halichuji hili?"

Niliapa mpaka jasho likanitoka. Akalirudisha kwenye henga taratibu, akaaga.

Nusu saa baadaye huyo anapita, maua yale yale yanachungulia kwenye mfuko. Jirani yangu alimtajia 28,000, wakavutana weee, wakamalizana 22,000. Na mzigo tumechukua kwa mtu mmoja!

Nilinuna siku nzima. Baadaye ndiyo nikaelewa: kwangu mama hakuwa na cha kushinda. Kwa jirani ameokoa 6,000 kwa mdomo wake mwenyewe, na jioni atasimulia nyumbani.

Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliandika kuhusu jaribio lao la gurudumu la namba. Watu waliona gurudumu limesimama wapi, kisha wakaulizwa ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa ni za Afrika. Walioangukiwa na 10, kadirio lao la katikati lilikuwa 25. Walioangukiwa na 65, 45. Gurudumu linajua nini kuhusu Afrika? Namba ya kwanza ikishaingia kichwani, imekaa.

Siku hizi naanzia 28,000, nashuka 25,000, halafu 23,500, kisha 23,000. Hatua zikizidi kuwa fupi mteja anajionea kwamba tunakaribia chini. Ukimshushia elfu tatu kila akiguna, ataguna mpaka jioni. Ila usithubutu kutaja 60,000. Watu wa Dar bei wanazijua, atakucheka na hutamwona tena. Mlangoni nimetundika dira moja la hariri, 45,000. Halitoki mara kwa mara, lakini mtu akishauliza hilo, ya 23,000 hayamshtui.

Zile bei za 19,900 nilizijaribu wiki moja. Mteja anatoa 20,000, sarafu ya mia sina, nampa pipi, ananuna. Nikaacha.

Mtandaoni bei naiandika wazi. "Bei njoo inbox" hunikimbiza hata mimi nikiwa mnunuzi, nahisi muuzaji anataka kunipima sura kwanza.

Yule mama wa maua ya njano alirudi mwezi uliopita, safari hii kwangu. Nikamtajia 28,000. Akacheka, "Na wewe umeanza?" Tukamalizana 21,000, na mtandio akauchukua kwa bei niliyotaja.