Usilipie hiyo adapta ya waifai mpaka uione namba ya chipu yake

Mkuu simama hapo hapo, usitoe hela. Umesema una laptopu ya HP ya mtumba, ndani ina waifai ya Broadcom BCM43142 ambayo mfumo endeshi wa Linux Mint hauioni, muuzaji wa Kariakoo kakuonesha adapta ya USB iliyoandikwa "Linux Supported" kwenye boksi, na kesho unaifuata. Umeuliza pia kama uhamie mfumo wa Debian na kama hiyo adapta itaweza kurusha hotspoti kwa wadogo zako. Hayo mawili yasubiri siku nyingine. Adapta kwanza, manake nimesoma posti yako damu ikanichemka, hayo maneno ya kwenye boksi na mimi niliuziwa hivyo hivyo.

Yale maandishi hayakuhakikishii chochote. Mara nyingi maana yake ni kwamba ndani ya boksi kuna kisidii kidogo chenye msimbo wa draiva (programu ya kuiendesha adapta) ulioandikwa enzi za keneli, yaani kiini cha Linux, 2.6 au 3 na kitu, ukaukompaili mwenyewe, yaani uugeuze uwe programu ya mashine yako. Mint ya leo iko kwenye keneli za 6. Ukijaribu kuukompaili huo msimbo inatema mistari ya makosa mpaka terminali inajaa, na laptopu yenyewe pengine hata sehemu ya kuwekea sidii haina.

Mimi nina steshenari, mashine zote ni desktopu za mtumba zisizo na waifai na zote zina Ubuntu. Nikaenda dukani nikamuuliza muuzaji, hii inakubali Linux? Akajibu hata hajaigeuza mkononi, "inakubali bro, hizi zinatoka sana." Nikamuuliza chipu gani, akaniambia ni ya 5G, spidi 1200. Hilo sio jibu la chipu, ile 5G aliyoisema ni bendi tu ya waifai, lakini aliongea kwa uhakika kabisa na mimi nikalipia za mashine zote kwa mpigo. Nikachomeka, kimya. Nikarudi, akaniunganisha na fundi wake, fundi akaja akashusha draiva ya mtu kutoka GitHub, akaikompaili, akaipachika kwa DKMS, waifai ikawaka, akachukua chake akaondoka. Hakuna aliyeniambia kwamba ile draiva inakaa nje ya keneli, na hapo ndo pigo lilipokuwa limejificha.

Elewa hiki kitu mkuu, ndo kiini cha yote. Watengenezaji wa keneli hawatoi ahadi yoyote kwamba mambo ya ndani yatabaki vile vile. Wakibadilisha kitu upande wa waifai, yule anayebadilisha anarekebisha hapo hapo draiva zote zilizo ndani ya keneli. Draiva iliyo nje hakuna anayeisubiri. DKMS inachofanya ni kuikompaili upya kila keneli mpya inapoingia, sasa kama aliyeiandika hajaifuatisha na mabadiliko, inagoma, na wewe huna habari mpaka uristati.

Kwangu keneli mpya ikaingia yenyewe na apdeti, mashine zikazimwa jioni kama kawaida, asubuhi tunawasha hakuna waifai hata kwenye moja. Na ulikuwa msimu wa maombi ya mkopo wa chuo, siku za mwisho mwisho, watoto wamejaa mlangoni na vyeti vyao vya kuzaliwa, wengine wametoka mbali na nauli ya kuungaunga. Nikachomeka simu yangu kwa waya kwenye mashine moja ili angalau foleni isogee, wengine wakahamia duka la jirani na kule wameganda mpaka leo. Nikampigia muuzaji, akasema tatizo ni apdeti zangu, adapta yake nzima. Fundi yeye akaniambia nizime apdeti. Yaani mashine ambayo watu wanaandikia namba za NIDA na nywila za akaunti za mkopo, niiache bila viraka vya usalama ili adapta yake iendelee kuonekana nzima! Mtu wa namna hiyo anawaweka wateja wako hatarini ili yeye asirudishe hela, na hela kweli hakurudisha, eti boksi limeshafunguliwa. Sasa adapta utaijaribuje bila kufungua boksi?

Kilichoniokoa siku ile ni kuristati na kuchagua keneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB inayotokea mashine inapowaka, pale kwenye "Advanced options". Likumbuke hilo, litakufaa. Baada ya hapo zile adapta nilizing'oa zote, nikavuta waya wa mtandao mpaka kwenye kila meza.

Kwa hiyo kanuni ni moja na sitalegeza: namba ya chipu kwanza, hela baadaye, na draiva ya hiyo chipu iwe tayari ndani ya keneli unayoitumia wewe leo. Jina la kwenye boksi ni kama mstari wa rangi kwenye daladala, unakwambia njia inayopita, haukwambii injini gani iko ndani. Mfano unaojulikana dunia nzima ni TP-Link TL-WN722N. Toleo la 1 lina chipu ya Atheros AR9271, unachomeka inawaka. Toleo la 2 na la 3 lina Realtek RTL8188EUS, draiva tofauti kabisa na habari tofauti kabisa, na jina ni lile lile. Mtu anasoma posti ya zamani inayoisifia, anakimbia dukani, anapewa toleo jingine.

Nenda dukani na fleshi yenye Mint ile ile unayotumia, iwashe laptopu kutoka kwenye fleshi, chomeka adapta, fungua terminali uandike lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB. Utaona namba mbili zenye nukta pacha katikati, mfano 0bda:8812. Kama muuzaji ana Windows tu, fungua Device Manager, sehemu ya Hardware Ids, namba hizo hizo zitakuwa zimeandikwa VID na PID. Itafute namba hiyo kwenye linux-hardware.org, au angalia orodha inayoitwa USB-WiFi iliyoko GitHub. Ukiona 0bda:1a2b usikubali haraka kwamba imeonekana, hapo adapta imejitambulisha kama sidii ya draiva za Windows na inabidi programu ya usb_modeswitch iigeuze kwanza ndo uione chipu yenyewe. Halafu iunganishe na hotspoti ya simu yako pale pale kaunta, fungua ukurasa wowote. Ikiwaka kutoka kwenye fleshi bila kuongeza kitu, basi draiva iko ndani.

Ukikuta tayari mtu kakuwekea draiva, andika modinfo na jina la draiva, angalia mstari wa filename. Ikionesha updates/dkms ujue ni ya nje, ya ndani inaonesha kernel/drivers/net/wireless.

Chipu ambazo ningetolea hela kwa USB ni za MediaTek, MT7610U na MT7612U, na MT7921AU kama unataka ya kisasa zaidi. AR9271 nayo nzuri, ila ni bendi ya 2.4 GHz tu. RTL8812AU na RTL8821AU, ambazo zimejaa sana kwenye adapta za bei nafuu, draiva yake ipo kwenye keneli rasmi ya 6.14 ya Machi 2025 na zilizofuata, kwa hiyo kabla hujakubali andika uname -r uone uko keneli gani.

Na hiyo Broadcom yako huenda usihitaji kununua kitu leo. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa USB tethering, fungua Driver Manager, chagua ile ya Broadcom, ristati. Kama Secure Boot, ile kinga inayozuia draiva zisizoidhinishwa, imewashwa itakuomba utunge nywila, ukiristati inakuja skrini ya bluu ya MOK ya kuidhinisha draiva, usiiruke, ukiiruka draiva haitapakiwa. Ila jua na hiyo nayo ni ya nje ya keneli, kwa hiyo usifute keneli ya zamani. Wala asikudanganye mtu ubadilishe kadi ya ndani kabla ya kuuliza, HP nyingi za zamani BIOS yake, ile programu ya kuiamsha mashine, ina orodha ya kadi inazozikubali, ukiweka nyingine inakuandikia 104-Unsupported wireless network device na haiendelei kuwaka.

Kesho muuzaji akikataa kufungua boksi uchomeke, toka dukani kwake. Akikubali, weka hapa matokeo ya lsusb na uname -r kabla hujampa hata shilingi, niko hapa mchana wote nitakuangalizia.